Barua ya Wazi: Ombi la Cheti cha Kuvuja kwa Kawaida

Kwa Wakubwa wa Afya, wa Nairobi na wa kaunti, yeyote atakayekubali kwamba jambo hili linamhusu.

Waheshimiwa,

Natumai mu wazima na mnakaa karibu na choo. Sisi kina mama wa Mukuyuni, Makueni, hatujambo, ila tukikohoa.

Kwanza tunashukuru. Kila tulipopanga foleni na kumnong'oneza daktari kwamba mkojo unatutoka, tumejibiwa vilevile, bila ubaguzi wa umri: "Mama, hiyo ni kawaida. Umezaa wangapi?" Ukisema watano, anatikisa kichwa kana kwamba ameona eksirei. Ukisema mmoja, anakuuliza una miaka mingapi. Halafu anaandika dawa ya kuua viini, mkojo wenyewe haujapimwa, na anaita anayefuata. Jibu hilo tulipewa tukilipa MakueniCare, mpango wa afya wa kaunti, shilingi 500 kwa nyumba kwa mwaka. Tunapewa hilohilo sasa tukilipa SHA, bima ya afya ya taifa, shilingi zisizopungua 300 kwa mwezi. Wanaosema serikali haina msimamo hawajawahi kuvuja.

Kwa kuwa basi ni kawaida, tunaomba tuandikiwe. Tunaomba Cheti cha Kuvuja kwa Kawaida.

Tumekifikiria sana. Kiwe cha plastiki, kwa sababu mnazozielewa. Kiwe na nembo ya taifa, simba wetu wawili wakiwa wamesimama kama kawaida yao, ila wamebana miguu kidogo. Kiombwe kwa eCitizen, na ile 50 ya huduma tutailipa bila kunung'unika. Mwenye cheti akimwonyesha makanga, matatu isimame hapohapo, hata kama dereva anawahi abiria wa Wote. Akimwonyesha mchungaji, aruhusiwe kukaa kiti cha mwisho bila kuombewa. Mkaza mwana akiletewa cheti, asiulize tena kwa nini leso tatu zimeanikwa nyuma ya nyumba na jua halijatoka.

Najua hamtoi karatasi bila fomu, kwa hiyo fomu tumewaandalia. Iulize kwanza unavuja lini. Anayevuja akicheka, akipiga chafya au akijitwika mtungi wa lita 20, huyo ni Daraja la A. Anayebanwa ghafla, mkono tayari uko kwenye komeo la choo na mkojo haumngoji, ni Daraja la B. Wenye yote mawili ni wengi, wapewe cheti cha kurasa mbili. Anayetiririka mchana na usiku, hata amelala, huyo asipewe cheti. Apewe gari, leo.

Kisha, kwa siku tatu, mwombaji aandike kila anachokunywa, kila anapokwenda haja na kila kinachomponyoka njiani. Asiyejua kuandika asaidiwe na mjukuu, mradi mjukuu ale kiapo cha siri. Ofisa wa kike amsimamishe nyuma ya pazia, kibofu kikiwa kimejaa, amwambie akohoe, naye atazame. Kile kijiti cha rangi kichovywe kwenye mkojo, tujue kama kuna viini au sukari, maana si kila anayeamka usiku kucha amechoshwa na uzazi. Apigwe ultrasaundi baada ya kukojoa, ionekane kibofu kimebakiza kiasi gani. Aangaliwe huku chini kama kizazi kimeteremka. Na aulizwe dawa anazomeza, hasa ile ya presha ambayo kazi yake ni kutoa maji mwilini, na ambayo hakuna aliyemwambia aimeze asubuhi.

Fomu ikiisha, mama atakuwa amepimwa! Kijiti, pazia, kalamu, dakika chache za mashine ya ultrasaundi ambayo tayari mnayo, na mtu wa kuuliza. Tafadhali msiwaambie madaktari kwamba huo ndio uchunguzi wenyewe. Waacheni waamini ni urasimu, maana urasimu ndio unaoheshimiwa.

Kuhusu lile gari. Msichana akikaa na uchungu siku mbili, mtoto amekwama, nyama iliyo kati ya kibofu na uke hukosa damu, ikafa, ikaacha tundu. Hiyo ndiyo fistula. Ikigunduliwa mapema, tundu dogo laweza kujifunga kwa kuwekewa mpira wa mkojo wiki kadhaa. Ikichelewa ni upasuaji. Kuna Gynocare kule Eldoret, na kuna kambi za bure ambazo huja kama mvua ya Ukambani. Lakini kabla ya nauli ya Eldoret kuna mtu aliyevaa koti jeupe aliyemwambia binti huyo kwamba ni kawaida, atazoea. Naye akazoea. Alizoea kuacha kanisa, kulala peke yake, kutokunywa maji katika jua hili. Mnajua mkojo wa mtu asiyekunywa maji unavyochoma ngozi ya mapaja? Hamjui. Mnavaa fulana kila tarehe 23 Mei, siku ya kutokomeza fistula, mnapigwa picha, na hamjui.

Samahani. Nirudi kwenye adabu.

Maombi mengine ni madogo. Choo cha wagonjwa kifunguliwe: ufunguo uko kwa askari, na askari amekwenda kunywa chai. Kwaya ya kina mama ipunguziwe nyimbo za kurukaruka. Na kuhusu ile kodi ya mazingira mliyotaka kuitoza nepi mwaka 2024, tungependa kujua ni mazingira ya nani.

Tumesikia pia kwamba Mmarekani Arnold Kegel aliandika mwaka 1948 kuwa misuli inayoshikilia kibofu hufundishika. Unaibana kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, unahesabu, unaachia. Mara nane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu, huku unapepeta mbaazi na hakuna anayejua. Haina bei. M-Pesa ya 2007 imetufikia, ya 1948 bado iko njiani. Wa Daraja la B wangeambiwa wapunguze chai na wafundishe kibofu kungoja kidogo kidogo. Wachache watahitaji vidonge, kipete cha silikoni au upasuaji wa kamba ndogo chini ya njia ya mkojo, na hao waandikiwe rufaa yenye jina la mtu, si "nenda mbele ukaulize".

Septemba 2023 mliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja mabegi yenye mashine ya presha na ya sukari. Tunaomba mwongeze swali moja humo ndani. Halina uzito.

Mkipenda kutujibu ana kwa ana, njooni siku ya mwethya, kazi yetu ya pamoja, tukichimba matuta. Majembe ya ziada yapo. Kila mmoja wenu atawekewa vikombe viwili vya chai, kisha mtungi wa lita 20 wa kupandisha kutoka mtoni. Vichaka viko upande wa kushoto.

Wenu watiifu,
Kina mama wa Mukuyuni, Daraja la A na la B