Mgodi wa Chumba cha Uani

Nchi hii yetu ya Karatu na Ngorongoro imezoea watu wanaochimba kwa subira. Louis Leakey alifika katika bonde la Oldupai mwaka 1931, akachokoa udongo mwaka hata mwaka, na fuvu lile mashuhuri la Zinjanthropus halikujionyesha ila mwezi Julai 1959, tena si kwake yeye bali kwa mkewe Mary, ilhali bwana amelala kambini kwa maradhi. Kwa jirani zetu wa Simanjiro, Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mererani, aliibuka mwezi Juni 2020 na mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na la pili la kilo 5.1, akayauza kwa Serikali kwa shilingi bilioni 7.7, na tangu hapo ni vijana wachache wa pande hizi wanaolala pasipo kuota jiwe. Baina ya wachimbaji hawa, yule wa mifupa na yule wa vito, amezuka wa tatu, naye ni mpwa wangu, ambaye hashiki sululu wala nyundo, hajui harufu ya baruti, na mgodi wake umo katika chumba changu cha uani, kati ya stoo ya mbaazi na banda la kuku.

Ilimu ya uchimbaji wake, kama alivyonifafanulia jioni moja huku akimaliza chai yangu, ni hii. Bitcoin ni sarafu isiyo chuma wala karatasi, ambayo mtu mmoja, au jamaa ya watu, aliyejisitiri nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto aliitangaza kwa waraka mwaka 2008, na daftari lake likafunguliwa tarehe 3 Januari 2009. Katika daftari hilo, kila baada ya dakika kumi hivi hufungwa ukurasa mmoja wa miamala, na haki ya kuufunga hupewa mtambo utakaotangulia kuibahatisha namba inayotakiwa. Wala namba hiyo haipatikani kwa akili, kwa cheo au kwa dua, bali kwa kukisia, na kukisia tena, matrilioni ya mara kwa sekunde. Anayepata hulipwa. Ujira ulikuwa sarafu 50 hapo awali, nao hukatwa nusu kila baada ya kurasa 210,000, hata ilipofika Aprili 2024 ukawa sarafu 3.125; na wakisiaji wa dunia wakizidi, fumbo hujikaza lenyewe kila baada ya kurasa 2,016, yapata majuma mawili, ili zile dakika kumi zisipungue. Nilimwuliza kama anaijua kazi nyingine hapa duniani ambayo watu wote wakiongeza bidii, jumla ya mavuno yao hubaki ile ile. Alitafakari, akasema, “Siasa, mjomba.”

Mtambo wenyewe, wa aina ya Antminer S9 iliyotoka mwaka 2016, ulifika kwa basi kutoka Arusha umeviringishwa katika blanketi la mtoto. Urefu wake haufiki dhiraa moja; una feni mbili, moja ya kuvuta hewa na moja ya kuitema, na baina yao mabamba yaliyojaa vijiwe vya kielektroniki visivyojua amali nyingine yoyote isipokuwa hiyo ya kukisia. Huwezi kuandikia barua, huwezi kuangalia mpira, huwezi hata kujua saa. Hapo kabla mpwa wangu alikuwa amezipigia mahesabu zile kadi za picha ambazo vijana hutumia kwa michezo ya kompyuta, na ambazo zilichimba sarafu ya Ethereum kwa ustadi, lakini tarehe 15 Septemba 2022 wenye Ethereum waliachana na uchimbaji kabisa, na wachimbaji wake wakaamka asubuhi wana kadi, wana deni, hawana mgodi. Akaridhia S9, ambayo hukisia mara trilioni 13.5 kila sekunde na kula umeme wa wati 1,350 hivi, akiamini kwamba wingi wa trilioni hauwezi kumtupa mja.

Mkataba wetu ulikuwa wa kiungwana: mtambo wake, chumba na umeme wangu, faida nusu kwa nusu. Masharti haya ameyatimiza kwa uaminifu mpaka leo, kwani hajanificha hata senti moja ya faida, na sina sababu ya kudhani kwamba atanificha.

Ulipowashwa mara ya kwanza, kuku walitoka bandani wote kwa pamoja, na mbwa wa jirani akabweka mpaka sauti ikamkauka. Mafundi husema ngurumo ya mtambo huu yafikia desibeli 75, lakini desibeli ni kipimo cha watu wenye vyombo. Sisi tulipimiwa na bibi mmoja wa mtaa wa juu, aliyebisha hodi kesho yake na debe la mahindi kichwani, akauliza kwa adabu kama hapa twasaga kwa debe au kwa kilo. Mpwa wangu alimweleza kwamba mashine hii haisagi, bali yatafuta namba. Bibi akalitua debe, akatega sikio kitambo kizuri, akasema basi itakapoipata namba hiyo tumpelekee habari, maana mashine ya kule juu ina foleni. Nilipomwona akiondoka na mahindi yake yote nilisikitika, kwa sababu yule ndiye mteja wa kwanza na wa mwisho aliyekuja mgodini na fedha mkononi.

Habari za uchimbaji huenea upesi kuliko mavuno yake. Haukupita muda akaja mjumbe wetu, mzee wa Kiiraki mwenye busara na fimbo nzuri, akiwa ameambiwa kwamba katika nyumba ya mwalimu mstaafu watu wachimba usiku na mchana, na kwamba ngurumo yasikika mpaka barabara ya lami. Alizunguka ua mara mbili akitafuta shimo. Alipokosa shimo alitafuta kifusi, na alipokosa kifusi alikubali kiti. Nikamwonyesha mtambo; akauweka mkono wake mbele ya feni inayotema, akaurudisha haraka, akasema ya kwamba madini haya ni ya moto mno, lakini kwa kuwa hayaleti mmomonyoko wa udongo yeye hana la kuandika. Kisha akakisogeza kiti chake karibu zaidi na feni, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Juni, na Juni ya Karatu haiwahurumii wazee.

Nije sasa kwenye hesabu. Katika mwaka 2024 mitambo yote ya dunia ilikisia mara trilioni milioni 600 kwa sekunde, na zaidi. Ukiigawanya jumla hiyo kwa trilioni zetu 13.5, mgodi wa chumba changu ulikuwa sehemu moja katika milioni 44. Maana yake ni kwamba mpwa wangu, kama angetaka kufunga ukurasa kwa mkono wake mwenyewe, angetarajia kungoja miaka 845 hivi kwa hesabu ya siku hizo. Na kama angetaka ujira wake ufike leo, ilimpasa kuanza kukisia zaidi ya karne moja kabla Husuni Kubwa haijajengwa Kilwa Kisiwani. Wako wenye haraka zaidi yake waliowahi kununua vijiti vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta, vya mwaka 2013, ambavyo hukisia mara milioni 333 tu kwa sekunde: hao wangesubiri miaka milioni 34, ilhali zile nyayo za kale kabisa za Laetoli, kule kwetu Ngorongoro, zina miaka milioni 3.6 na ushei. Aliyezikanyaga nyayo zile angewasha kijiti chake asubuhi ile ile, basi hata sasa angekuwa bado katika sehemu ya kumi ya safari.

Kwa sababu hiyo wachimbaji wadogo hujiunga katika kikoa: maelfu hukisia pamoja, ukurasa ukipatikana wagawana kwa kadiri ya makisio ya kila mmoja, na mwenye kikoa hujikatia asilimia yake kwanza, kama ilivyo ada ya wenye vikoa. Fungu letu kwa siku moja, sarafu ikiwa na thamani ya dola 60,000, lilikuwa senti 61 za dola, yaani shilingi 1,600 hivi. Si haba. Watu wameanza na pungufu ya hizo. Lakini mtambo wa wati 1,350 ukinguruma saa ishirini na nne hula uniti 32.4, na hapo ndipo ninapopaswa kumtaja yule mkazi mwingine wa nyumba yangu, mita ya LUKU.

Bei ya TANESCO ina huruma kwa mtu mnyonge: asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na mimi na mke wangu, kwa taa zetu, redio na pasi ya Jumamosi, tulikuwa wanyonge halali kwa miaka mingi. Mtambo ulizila uniti 75 kwa siku mbili na saa kadhaa. Tukatolewa katika daraja la huruma, tukaingizwa katika daraja la watu wenye shughuli, ambako uniti ni shilingi 292, na kodi na tozo zikishatiwa yakaribia 357. Kwa hiyo kila siku ya Mungu tulitia katika kile chumba umeme wa shilingi 11,500 na kutoa sarafu ya shilingi 1,600. Tena Bunge, katika sheria ya fedha ya mwaka 2024, limeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika kuhamisha mali za kidijitali. Asilimia 3 ya pato letu la siku ni shilingi 48, na mpwa wangu, aliye raia mwema, alizitenga kando kwa taadhima kubwa.

Mita ilipokaribia kukauka ilikuwa ikilia, na ilipenda kulia usiku wa manane. Nikiinuka na tochi mdomoni kubonyeza zile tarakimu ishirini, nilikuwa nikimsikia mpwa wangu chumbani kwake akiuliza kwa sauti ya usingizi, “Imerudi, mjomba?” Alikuwa na maana ya Bitcoin.

Hata hivyo mimi ni mtu wa kuangalia mambo kwa pande zote, na upande mmoja wa mtambo huu ulistahili kuangaliwa, nao ni ule wa nyuma. Wati zote 1,350 zinazoingia kwa waya hutoka kwa feni zikiwa joto, bila ya kupungua hata moja, maana kukisia hakuachi kitu kingine duniani. Mke wangu, ambaye hakuwahi kuuliza bei ya Bitcoin, aliligundua hilo kabla yetu. Kwanza zilianikwa sare za wajukuu, ambazo katika ukungu wa Juni hukaa siku tatu zikinuka. Zikakauka kabla ya saa ya kulala. Zikafuata mbaazi. Wakafuata vifaranga, ambao mama yao, baada ya kuukimbia mgodi kwa kelele, alirudi mwenyewe akatamia nyuma yake, mpaka unyoya mmoja ulipovutwa ndani ya feni ya mbele pamoja na vumbi letu jekundu, na daftari la dunia likafungwa kurasa kadhaa bila ya msaada wetu.

Ndipo mpwa wangu alipopata rai ya kuuhamishia mgodi Ngorongoro. Tulipanda pamoja hata ukingoni, kimo cha mita 2,300, akalitazama bonde lile la kilomita za mraba 260 kwa jicho la mwekezaji, akasema baridi hii yote yapotea bure. Nikamjibu kwamba baridi si umeme. Akataja jua, tukapiga hesabu hapo hapo juu ya bonde, ikaja kuwa mtambo mmoja wataka paneli zipatazo kumi na sita za wati 400, pamoja na betri za usiku. Akataja maji, nikamwonyesha Ziwa Magadi pale chini, maji ya chumvi yasiyo na mlango wa kutokea, ambayo hayajapata kuangukia popote. Lakini hakuwa mpumbavu. Alikuwa amesoma ya kwamba Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki ya Kongo, imechimba Bitcoin tangu mwaka 2020 kwa umeme wa maji wa Luviro, uliokuwa umekwisha kuzalishwa kabla ya wateja wa kutosha kuunganishwa, na kwamba kampuni ya Gridless ya Kenya yafanya vivyo hivyo penye mitambo midogo ya maji iliyo mbali na gridi. Hapo uniti isiyo na mnunuzi huuzwa kwa bei ya kutupa, na S9 yetu ilihitaji uniti ya shilingi 50 tu ili isipate faida wala hasara. Tatizo letu sisi wa Karatu ni kwamba nguzo zilikwisha kufika.

Katika ua wangu nina vyumba viwili vya kupangisha, ambavyo hulaza madereva wa watalii wanaotaka kuwahi lango la Lodoare saa kumi na mbili asubuhi. Dereva wa kwanza kulala jirani na mgodi aliondoka usiku ule ule akalale garini. Wa pili, aliyetoka Tanga na ambaye baridi ya kwetu huichukulia kama matusi, alilala fofofo mgongo wake ukiwa ukutani, akaamka ametokwa na jasho la furaha, akalipa shilingi elfu tatu juu ya bei bila ya kudaiwa, na wiki iliyofuata akaleta wenzake wawili.

Mpwa wangu hivi sasa anazungumza juu ya mtambo mpya zaidi, wa trilioni 110 na wati 3,250, ambao kwa hesabu yake ungeingiza shilingi 13,000 kwa siku, na kwa hesabu yangu ungekula umeme wa 27,800. Alipokuwa akitueleza jana, mke wangu aliacha kuchambua mchele.

“Wati hizo elfu tatu,” akauliza, “zatosha vyumba vingapi?”

“Viwili, mama. Labda na varanda.”

“Na wageni huanza Juni mpaka Oktoba, na baridi ni Juni mpaka Agosti.” Akaurudia mchele wake. “Basi usiuwashe mwezi wa Septemba.”

Nilitaka kusema kwamba hita ya chumba yauzwa pale sokoni, haigurumi, na haina haja ya intaneti. Lakini dereva wa Tanga alikuwa amekwisha toa kichwa dirishani, akauliza kama anaweza kuweka nafasi ya Julai nzima, tena upande ule ule wa ukuta.