Dakika Tano za Juba: Mwongozo kwa Mgeni Aliye Angani

Umetoka Entebbe salama, saa ya kufika imefika, na ndege haishuki. Dirishani umeuona mlima wa Jebel Kujur. Baada ya dakika nne unauona tena, uko palepale. Usimsumbue mhudumu. Rubani hajapotea, yupo kwenye foleni, na foleni ya angani husogea kwa kuzunguka.

Usidhani ni ninyi peke yenu. Juba ina njia moja tu ya kurukia na kutua. Ndege zote huja hapo: za abiria za Nairobi, Addis Ababa na Dubai, Antonov za mizigo ambazo lau zingekuwa watu zingeshapata wajukuu, Cessna Caravan za kukodi, helikopta za Umoja wa Mataifa na ndege za WFP, shirika la chakula. Mvua zikishika, barabara nyingi za nchi hugeuka tope, basi chanjo, gunia la mtama na afisa wa semina wote hupanda ndege. Caravan hukimbia kama kilomita 340 kwa saa. Boeing 737 ikiwa juu hukaribia mara mbili na nusu ya hapo. Kumpanga mwenye baiskeli na basi la Kampala kwenye mlango mmoja si kazi ya mtu mwenye usingizi.

Pasipo na rada ya kutegemea, mwongoza ndege hakuoni. Anakusikia. Humuuliza kila rubani atafika saa ngapi, akaandika kwenye kijikaratasi, akavipanga vijikaratasi hivyo mbele yake, na huo ndio mpangilio wa anga nzima. Wa kwanza hupewa ngazi ya chini, anayefuata futi 1,000 juu yake, wa tatu futi 1,000 zaidi. Wa chini akiruhusiwa kwenda kutua, wote hushuka ngazi moja moja, kila mmoja akisubiri kusikia kwamba wa chini yake kweli ameondoka.

Sasa angalia hatari ilipo. Foleni yote imejengwa juu ya neno la rubani, na rubani naye kalelewa na sisi. Kama unavyojibu simu ukiwa bado bafuni, “Nimeshatoka, dakika tano,” ndivyo mwenye ndege ndogo anavyoweza kutaja tano akiwa kwenye kumi na mbili, ili kijikaratasi chake kitangulie. Mwongoza ndege mzoefu anazijua sauti. Kuna dakika tano anazoziandika tano, na kuna anazoziandika kumi bila kubishana na mtu.

Ujanja wa kuruka foleni kama benki, kwa kudai una haraka, pia haufui dafu. Rubani akitangaza kwamba mafuta yake yamefika kiwango cha chini, hajapata kipaumbele; ametoa taarifa tu kwamba akicheleweshwa zaidi mambo yatakuwa mengine. Anayetaka kupishwa kwa ajili ya mafuta lazima atamke Mayday, wito wa dharura, na akitamka ajue atajaza fomu. Mwenye mgonjwa hupishwa. Mgeni wa serikali hupishwa pia, na huyo hajazi fomu yoyote.

Ukichoshwa na mizunguko, wahurumie wanaopita juu yako bila kutua. Kwa miaka mingi baada ya uhuru wa 2011, anga ya Sudan Kusini kuanzia futi 24,500 kwenda juu iliendelea kuongozwa kutoka Khartoum. Vita vilipozuka huko Aprili 2023, sauti ya Khartoum ilinyamaza. Marubani wakabaki na desturi inayojulikana sana Afrika: kufungua masafa ya redio ya 126.9 MHz na kujitangaza wenyewe, mimi fulani, nipo hapa, naelekea kule, kimo hiki, kama madereva wanaopiga honi kwenye kona ya mlima. Husaidia, mradi na mwenzako awe amefungua redio.

Wewe angalau una mtu anayekuhesabu. Mzunguko wa nne ukiisha utasikia magurudumu yakitoka tumboni mwa ndege. Funga mkanda, Nile ipo karibu. Ukishapata begi lako, mpigie mwenyeji wako aliyeahidi kukupokea. Atakuambia yupo njiani, dakika tano, na nyuma yake utasikia wauza nyanya wa soko la Konyokonyo wakinadi bei. Mwandikie kumi na tano, utafute kivuli.