Rangi Mpya, Mafuta ya Zamani

Mlango wa oveni unafunguliwa, na bastola iliyoingia laini inatoka na vipele. Vimejipanga kandokando ya matundu ya skrubu na kuizunguka nundu ya kulengea, pale pale ambapo jicho la mgeni litatua kwanza. Fedheha hii huwapata Wamarekani wanaojaribu kuipa sura mpya Colt M1911 waliyorithi kwa babu, na wengi huilaumu rangi. Wanaionea. Mkosaji ni mafuta, na mafuta hayo yaliingizwa humo na watu waangalifu. Jeshi la Marekani liliipokea bastola hiyo mwaka 1911 na kuifanya silaha yake rasmi ya kiunoni hadi 1985, na kwa miaka yote hiyo sheria ya matunzo ilikuwa moja: ipanguse, ipake mafuta. Babu akatii, baba naye akatii. Wangekuwa wazembe, leo fundi angekuwa na kutu ya kukwangua, lakini asingekuwa na mafuta ya kuwinda.

Uadui wenyewe kati ya mafuta na rangi, tuseme kweli, unapendeza kuutazama. Weusi wa bastola za mwanzo haukupakwa. Ni ngozi ya chuma chenyewe iliyogeuzwa kuwa kutu nyeusi, ambayo huizuia kutu nyekundu. Ni kama hina, haibanduki kwa sababu haikubandikwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili zikaja za kijivu, zilizochovywa katika mmumunyo wa moto wa fosfeti, na hapo mafuta yakapata makao. Fosfeti hujenga vijifuwele vyenye nafasi katikati, na nafasi hizo zilikusudiwa kunywa mafuta na kuyaweka. Sasa anakuja mtu na Cerakote, mchanganyiko wa polima na kauri, unaonyunyizwa kwa unene wa mikroni 25 hivi, halafu kuokwa kwa saa mbili katika nyuzi 120 za Selsiasi. Utando huo hauzami ndani ya chuma. Hung'ang'ania juu juu, kwenye mikwaruzo inayochimbwa kwa kupuliza chembe za oksidi ya alumini. Ndiyo maana kipande hulowekwa kwanza kwenye asetoni, kisha huingizwa ovenini kikiwa kitupu, joto liyatoe mafuta mafichoni. Yakijitokeza, unaloweka tena, unaoka tena. Anayeiruka hatua hiyo atayaona mafuta yakitoka kwa wakati wake yenyewe, yameibeba rangi mpya mgongoni.

Misiba mingine ni midogo: skrubu hazirudi matunduni, slaidi inagoma kwenye reli zake, na waliotumia oveni ya jikoni hawaoki tena keki humo.

Watetezi watasema weusi wa zamani haufui dafu mbele ya jasho, na kwamba utando wa kisasa huhimili chumvi kuliko huo. Ni kweli, na kwa bastola inayoshinda kiunoni kila siku sina ubishi. Lakini ya babu inashinda kwenye sefu. Humo jasho lake ni la nani? Wengine husema rangi isipopendeza itaondolewa. Itaondoka, ndiyo, ila chembe zinazopulizwa huila pia mihuri na maandishi yanayoitambulisha kuwa mali ya serikali ya Marekani, na hayo ndiyo wakusanyaji huyalipia. Hapa ucheshi unanitoka. Matangazo ya kazi hii humwaga rangi za jangwani, za msituni, hadi ya waridi, lakini kuhusu thamani inayopotea huwa kimya, na mteja hulipa mara mbili: kwanza kwa fundi, kisha siku ya kuuza.

Kwa hiyo, kabla hujamkabidhi fundi urithi wako, mwulize ataoka mara ngapi kabla ya kunyunyiza, na maandishi atayakinga kwa kitu gani. Akikujibu kwa kukufunulia kitabu cha rangi, chukua bastola yako uondoke.