Shingo ya Fundi na Lesi ya Watu

Kwenye nyumba ya fundi cherehani, kumi la mwisho la Ramadhani halina salama. Watu wazima na akili zao wanakumbuka mfungo umeshapita nusu kwamba kuna Idi, wanabeba vitambaa vyao vya kanzu na madera, wanatuletea hapa Ngamiani, na kila mmoja anaapa kwamba wake ni mshono mdogo tu. Mume wangu, Baba Mwanaidi, hajui kukataa kitambaa. Akitoka tarawehe anakaa chini ya taa, kichwa amekiinamisha kwenye sindano, mguu uko kwenye pedeli, mpaka nimwite daku. Na akishakula hajinyooshi akalala. Anaegemea mito miwili ya sufi iliyopandanishwa, kidevu kimegusa kifua, anatazama kwenye simu picha za mishono ambazo wateja wamemtumia usiku huohuo. Usingizi unampitia hapohapo, na simu bado iko mkononi.

Alfajiri moja akaamka kichwa kimeelekea kushoto na hakitaki kurudi.

Mimi sikuelewa mara moja. Nilichoona ni kwamba nikimwita anageuka mzimamzima, kuanzia visigino. Nikamuuliza, "Baba Mwanaidi, umeapa hunitazami?"

"Nimelalia shingo, mama. Usinichekeshe. Nikicheka inavuta mpaka begani."

Kulalia shingo tunakujua wengi. Misuli ya upande mmoja inakaza, ukitaka kugeuka inachoma, na mara nyingi mambo yanakwisha yenyewe baada ya siku chache. Lakini siku hizo chache nani alikuwa nazo, na vitambaa vya watu vimejaa mpaka chini ya kitanda?

Balaa la kwanza lilitokea msikitini. Mwisho wa sala mtu hutoa salamu kulia, kisha kushoto. Ya kushoto ilimtoka vizuri sana. Ya kulia ikamgomea, akaitoa huku uso umebaki ulikokuwa. Sasa kuliani kwake alikuwa amekaa jirani yetu mmoja ambaye walishatupiana maneno kuhusu maji machafu ya uani. Yule bwana akahesabu alfajiri, akahesabu adhuhuri, alasiri akawa ameridhika kwamba ananuniwa. Kufika magharibi habari zimeshafika bombani: fundi ana kinyongo hata mbele ya Mungu. Mwanaidi ndiye aliyetuletea, pamoja na ndoo ya maji. Nikamsukuma baba yake aende akajieleze. Akaenda, akajieleza kwa adabu zote, akiwa amempa jirani sikio la kulia badala ya uso. Ugomvi ukaongezeka kidogo.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Pangani kufunga nasi na kula Idi. Mama ni mtu ambaye hasubiri kuombwa. "Upepo umemwingia shingoni," akasema, na chupa ya mafuta ya nazi imeshatoka mkobani, mafuta aliyopika mwenyewe, karafuu zimetulia chini. Dawa ya kumeza mchana mwanawe alikuwa ameikataa. Tulimkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kufungua akaja kulipa. Akatujibu kwamba shingo si ugonjwa, ni shingo. Kuchuliwa hakufunguzi, basi akachuliwa. Kwa hilo sina neno. Karafuu ina eugenoli inayotia ganzi, ndiyo maana madaktari wa meno wanaitumia mpaka leo, na hata kama kwenye chupa ile ilikuwa kidogo, kiganja cha mama kinachopita polepole kwenye msuli uliokaza ni dawa yenyewe.

Mama angeishia hapo tusingekuwa na kisa. Lakini alitaka chumvi.

Chumvi ya mawe unaikaanga kikaangoni, unaifunga kwenye kitambaa, unakandia panapouma. Hilo nalo lina maana, kwa sababu joto hulegeza msuli, na hospitali watakuambia uchovye taulo kwenye maji ya moto, uikamue, uilaze shingoni. Sharti ni kwamba joto lenyewe uweze kulivumilia kwanza kwenye mkono wako wewe unayekanda. Chumvi ya Mama ilikaa juu ya mkaa mpaka ikaanza kupasuka na kuruka. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akavuta kitambaa cha juu kwenye rundo.

Katika nyumba yetu hakuna kitambaa ambacho ni kitambaa tu. Kile kilikuwa lesi ya samawati, kipande cha mbele cha gauni, kimeshakatwa, mali ya mama mmoja wa Raskazone aliyeinunua Dubai na ambaye kila akipiga simu hakukosa kuitaja Dubai. Lesi za siku hizi nyingi ni polista, na polista huyeyuka kabla ya kuungua. Tena lesi ina matundu. Mama alipofunga fundo na kuliweka shingoni, maua ya lesi yalijikunja moja baada ya jingine yakawa vidonge vyeusi vigumu, harufu ya plastiki ikajaa chumbani, na chumvi yenye moto ikapita kwenye matundu ikateremka ndani ya kanzu, mgongoni mpaka kiunoni.

Baba Mwanaidi aliruka. Na katika kuruka huko, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, shingo yake iligeuka kulia. Iligeuka kabisa, tukaiona sote, kisha ikarudi kushoto.

"Mmeona?" Mama akasema. "Inafanya kazi."

Tukammwagia maji baridi mgongoni. Malengelenge hayakutoka, alhamdulillahi. Kisha akaitandaza lesi mezani. Tundu lilikuwa la upana wa kiganja, katikati ya kifua, chini kidogo ya pale kola ingeshonwa. Hakusema neno. Mtu aliyekaza shingo hata kutikisa kichwa kwa masikitiko hawezi.

Baada ya futari akaja shemeji yangu, mdogo wake, kaegesha baiskeli mlangoni. Amesikia, na dawa anayo. Kuna kinyozi barabara za huko juu, akishamaliza kukunyoa anakushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, anakuzungusha mara moja, shingo inalia, unatoka umepona. "Panda nyuma kaka, twende."

Nikasimama mlangoni. Mama mkwe akastaajabu, kwa sababu siku zote mimi na shemeji tunaelewana.

Haya mengine yote niliyaacha yapite, hata bibi wa nyumba ya pili alipomleta mjukuu wake aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu, eti akimgusa fundi shingoni maumivu yataondoka. Mtoto akagusa, akapewa tambi, akaenda zake. Hakuna aliyeumia. Kuzungushwa shingo kwa ghafla na mtu ambaye elimu yake ni mkasi na wembe ni jambo jingine. Ndani ya mifupa ya shingo, kila upande, unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu nyuma ya ubongo. Unapanda kwa kupenya vitundu vya pingili. Ukivutwa kwa nguvu ukuta wake unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda pale, donge likapanda kichwani, na mtu akapata kiharusi, awe kijana, awe mzima wa afya. Haitokei kila siku. Lakini mimi mume ninaye mmoja. Na ule mlio ambao wanaume wanaufurahia si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo, na vidole vyako ukivialisha vinalia vilevile.

Shemeji akasema, "Shemeji, unaogopa sana." Nikamwambia aende yeye akageuzwe, akirudi salama tutazungumza. Akakumbuka ana safari ya Makorora.

Usiku huo nikaenda duka la dawa. Kijana wa pale alitaka kunipa diklofenaki, vidonge na sindano, kwa maelezo kwamba sindano ndiyo inayofika haraka. Nikamwambia mgonjwa ana vidonda vya tumbo. Akairudisha kabatini bila kubisha, na nampa heshima yake, maana dawa za namna hiyo huchokoza vidonda mpaka vitoke damu, na sindano nayo haikwepi tumbo eti kwa kuwa imepita takoni. Nikatoka na parasetamoli, vidonge viwili viwili kwa kupishanisha saa, visizidi vinane kwa siku. Kwa aliyefunga hilo halina taabu, saa zenyewe za kula ni chache.

Kesho yake nikampeleka hospitali, kwa dada mmoja wa mazoezi tiba. Kwenye baiskeli hakuweza, kwa sababu mwendesha baiskeli asiyeona nyuma hapa Tanga hafiki. Tukachukua bajaji.

"Nitazame mimi, baba," dada akamwambia.

"Nakutazama, daktari," akajibu, uso ukiwa kwenye kalenda ya ukutani.

Maswali yalitangulia kabla hajamgusa. Ana homa? Kichwa kinamuuma kuliko kawaida? Ameanguka, amepata ajali? Mikono inakufa ganzi, vitu vinamponyoka, miguu inalegea, haja ndogo inamtoka bila habari? Kila akijibu hapana, dada anaandika. Baadaye nilielewa kwamba ndiyo moja tu pale ingetupeleka chumba kingine haraka, kwa kuwa shingo ngumu yenye homa inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na ganzi au udhaifu ni dalili kwamba neva zimebanwa.

Halafu akamuuliza kazi. Alipotaja cherehani, dada akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba shingo ina pingili 7, sawa na za twiga, na kazi yake ni kubeba kichwa cha kilo kama 5. Kichwa kikisimama wima, mzigo ndio huo. Kikiinama, unaongezeka. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta akapata kwamba kichwa kilichoinama nyuzi 60 kinailemea shingo kwa kiasi cha kilo 27. Ni hesabu ya kompyuta, si watu waliopimwa. Lakini mume wangu alipoambiwa kwamba hiyo ni zaidi ya nusu mfuko wa saruji, usiku kucha, na baada ya hapo simu, alikaa kimya.

Kola ya shingo aliyoiomba hakupewa. Dada alisema misuli ikiegemezwa inazidi kudhoofika, na shingo hii inataka kutembezwa. Akafundishwa kurudisha kidevu nyuma bila kuinua uso, kuzungusha mabega, kugeuza kichwa taratibu mpaka maumivu yanapoanza na kuishia hapo, kisha upande wa pili. Mto ubaki mmoja. Na cherehani ipandishwe, meza ilale kidogo kumwelekea, ili kazi imfuate machoni badala ya yeye kuifuata.

Tukaweka vipande vya mbao chini ya miguu, vya nyuma vinene kuliko vya mbele. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Bobini, chaki, mkasi, pini, kila kitu kinateremka mapajani kwake. Mama akiokota pini anasoma dua. Mwishowe Mwanaidi akagongomelea ubao mwembamba ukingoni, vitu vikatulia, na kwa kuwa ni yeye aliyeugongomelea alipewa pia kazi ya kumwamsha baba yake kwenye kiti kila baada ya muda akanyooshe mabega. Aliifanya kazi hiyo kwa sauti ya kondakta. Shingo ikaanza kuachia kidogokidogo, kwanza nusu, kisha zaidi, na jirani wa kulia akarudishiwa salamu yake.

Ilibaki lesi. Usiku wa kuamkia Idi mwenyewe anakuja kuchukua gauni lake, na fundi hana kipande kingine wala Dubai ya kukitoa. Alichofanya ni kukata. Akaliondoa tundu lote pamoja na kifua kilicholizunguka, shingo ya gauni ikashuka na kupanuka mpaka karibu na mabega, akaipigia ukingo wa satini uliobaki kwenye nguo nyingine. Yule mama akalivaa, akasimama mbele ya kioo, akageuka huku na huku.

"Fundi, mshono huu umeutoa wapi?"

"Tanga hii haujawahi kushonwa," akasema, na hakudanganya. Mama mkwe akapaliwa na mate.

Idi mosi gauni likaonekana. Idi pili walikuja wanawake watatu na lesi zao, kila mmoja anataka shingo ileile, na kila mmoja anasema wake ni mshono mdogo tu. Mama akawakaribisha yeye, akawapa kahawa, akawauliza bei waliyopatana. Walipoondoka akamgeukia mwanawe na kumuuliza, bila chumvi yake, mtindo huo angeutoa wapi. Anadai gauni lake, tena la kwanza kabla ya la mteja yeyote. Amesema harudi Pangani mpaka liishe, na ametaka la zambarau.