Maharage ya Saa za Kigali

Ugomvi ulianza na Van Damme. Kijana wangu wa kidato cha pili alikuwa amejinyoosha kwenye kapeti, pedi mkononi, anafungwa goli la nne na mdogo wake wa darasa la tano. Nami nikajisemea kwa sauti kwamba enzi zetu gemu zilikuwa na heshima, zikitengenezewa filamu nzima: Street Fighter, Van Damme mwenyewe ndani, kibanda kimejaa mpaka watu wanakalia ndoo.

Kijana hakugeuza hata shingo. "Ile ya 1994? Baba, ile waliiharibu. Ryu na Ken wamekuwa matapeli wa silaha. Kwenye gemu Ryu ndiye mwenye nyumba, kwenye filamu kawa mpangaji."

Sikuwa najua. Miaka yote nilikumbuka mateke tu. Lakini baba hashindwi na mtu anayemlipia ada, kwa hiyo nikaahidi: jioni tunaiweka, nyumba nzima, tuone.

"Jioni mama anafika kutoka Ngara," mama watoto akasema toka uani. "Mnataka apokewe na ngumi?"

Pale ndipo ningenyamaza.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Rusumo, na mfano wangu niliutoa kazini. Lori likitoka Dar linashika kushoto safari nzima. Likishavuka Mto Kagera kuingia Rwanda linahamia kulia. Mzigo uleule, dereva yuleyule, ila asiyehama upande hafiki mbali. Gemu ikivuka kwenda sinema, nikamwambia, nayo lazima ihame upande. Akanijibu huku anapapasa simu kwamba wengi wakihama wanausahau mzigo nyuma. Akanisomea: Super Mario Bros. ya 1993, Bob Hoskins ndani, karibu dola milioni 48 zilitumika, ikala hasara. Wakaja kuifanya katuni mwaka 2023, Mario akabaki Mario na kofia yake na mabomba yake, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Sonic naye walimpa meno ya binadamu. Tangazo lilipotoka 2019 wachezaji walipiga kelele mpaka akachorwa upya, na filamu ikasogezwa hadi Februari 2020.

"Mchezaji akisikilizwa, pesa inarudi," akasema.

Nikamuuliza, na Assassin's Creed ya 2016 je? Na Borderlands ya 2024? Hizo nazo zilikuwa na wachezaji wake duniani kote. Akakubali kwa shingo upande kwamba nyota wakubwa na mapesa havikuziokoa. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo sijalipatia jibu: "Gemu nikifa, narudia palepale niliposhindwa. Filamu ikishindwa, inaendelea tu."

Nikatoka kwenda kutafuta filamu kabla hajasema lingine.

Mama mkwe alifika na mkungu wa ndizi na kuku wawili. Shikamoo, marahaba, habari za safari. Kwa kuwa mama mkwe na mkwewe hawakai sebule moja kama wanaosubiri basi, akawekewa kigoda kwenye korido, nyuma ya pazia. Pazia likawa mpaka wetu wa ndani. Mama watoto aliinjika maharage kwenye jiko la mkaa uani, akaegemeza simu yake kwenye dirisha la korido linalotazama mtoni, akatangaza kuwa ikifika saa mbili kamili anaepua. Naye akaketi na mama yake.

Nikachomeka flashi. Tulitegemea Kiingereza, au, kama bahati ingekuwa yangu, sauti ya mmoja wa wale watafsiri wa filamu waliofuata nyayo za Lufufu wa Dar es Salaam, anayekuambia jambazi anawaza nini kabla jambazi hajawaza. Ikatoka sauti nzito ya Kinyarwanda. Kijana wa muvi alinipa agasobanuye, ndivyo wenzetu wa ng'ambo wanavyoziita filamu zilizofasiriwa. Mimi ni mtu wa Biharamulo; nilikuwa naambulia neno moja katika matano. Watoto wangu ndiyo kabisa, Kihangaza cha mama yao wanakijua cha kuombea maji.

Mara nyuma ya pazia mtu akacheka.

Kihangaza hakiko mbali na Kirundi wala Kinyarwanda, na bibi alikuwa anapata kila kitu, na utani wa mtafsiri juu yake. Mdogo akasogea koridoni kuuliza kimesemwa nini. Dakika kumi baadaye kaka yake naye akahamia. Nilibaki peke yangu kwenye kochi natazama picha, na masimulizi yanatoka mgongoni: huyu anamwambia yule nduguye asiwe mjinga, hawa wawili wanauza bunduki mbovu. "Hao ndio Ryu na Ken, bibi," kijana akasema kwa uchungu. "Basi kama ni watu wema watarudi upande wa haki, ngoja," bibi akamjibu. Na kweli wakarudi.

Alipotokea M. Bison, kofia na majoho mekundu, anatisha dunia nzima, bibi akachungulia pembeni ya pazia, akanyamaza kidogo.

"Huyu baba anaumwa," akasema. "Macho yameingia ndani. Nani kamtoa kitandani?"

Kijana akatafuta kwenye simu. Raul Julia, aliyeicheza sehemu ile, alikuwa na saratani wakati wa kupiga picha. Alifariki Oktoba 1994, miezi miwili kabla filamu haijatoka. Inasemekana alikubali kazi ile kwa sababu wanawe waliipenda gemu. Alisoma hayo kwa sauti ya chini, kisha hakusema tena neno juu ya mpangaji na mwenye nyumba. Filamu mbovu, hilo sikatai. Lakini kila yule bwana alipofungua mdomo, korido nzima ilitulia.

Ndipo nikanusa kuungua.

Macho yangu yakaenda kwenye ekstensheni: televisheni, sabufa, mashine ya gemu, simu tatu. Pale kwenye maporomoko ya Rusumo kuna mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kwa nchi tatu, na mimi nilitaka kuumaliza wote kwenye tundu moja la ukuta. Nikaruka, nikavuta waya wenyewe, siyo swichi. Giza. Sabufa ikaja na waya, ikatua juu ya pedi. Nikasikia mlio mdogo, kama mfupa wa kuku.

Harufu haikukoma.

"Maharage!" mama watoto akapiga kelele, kisha akajitetea: "Lakini bado! Saa mbili haijafika!" Simu yake pale dirishani ilionyesha saa moja na dakika hamsini. Ilikuwa imeshika mnara wa Rwanda, ikarudi nyuma saa nzima bila kuaga. Maharage yetu yalikuwa yamepikwa kwa saa za Kigali.

Tukala ndizi za kuchoma na chai. Hakuna aliyeomba umaliziaji wa filamu, maana bibi alishaumalizia gizani: Van Damme alimbeba yule mgonjwa mgongoni mpaka zahanati, akapewa uji, akaomba radhi. Yule mtetezi wangu wa gemu, anayekasirika wakibadilisha hata rangi ya kilemba, alisikiliza mpaka mwisho bila kusahihisha.

Halafu bibi akaulizia hicho wanachokishika kutwa. Kitufe cha X kilikuwa kimezama, kwa hiyo mwenye pedi ile hawezi kutoa pasi, atakimbia na kupiga tu. Akasema hiyo ndiyo anaitaka. Ila sebuleni asingeingia mkwewe akiwamo, na mama watoto alishanikabidhi sufuria.

Nilikuwa uani nasugua kwa majivu na mchanga, simu ya mke wangu kando ikinihesabia saa zake za ng'ambo, zilipolipuka kelele za goli kule ndani. Nikauliza kafunga nani. Hakuna aliyenisikia.