Mgebuka Asiyeiva

Baba watoto alipowapeleka wanafunzi wake Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, waliona sanamu za yule mmisionari na Stanley wakisalimiana kama walivyokutana mwaka 1871. Akajiuliza: ikiwa binadamu wanatengenezeka hivi, samaki je? Shule yake iko huku njia ya Nduta, Kibondo, mbali na ziwa, na watoto wengi wanamjua mgebuka aliyekwisha kukaangwa tu. Basi akanunua mmoja mbichi, mnene, akamfunga kwenye barafu, wakapanda basi wote wawili mpaka nyumbani kupitia Kasulu.

Nilipomwona nikabandika maji ya ugali.

"Huyu haliwi," akasema. "Huyu ni kielelezo."

Nikapewa somo palepale jikoni. Rangi ya samaki hufifia upesi akishakufa, na ngozi yake ikikaushwa hujikunja na kuingia umanjano wa mafuta. Ndiyo maana mafundi wa makumbusho huchukua umbo lake kwa jasi, kisha wakamtengeneza upya na kumpaka rangi. Hata yule Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta na kufa mwaka 1974, anayesimama uani Makumbusho ya Nairobi ni wa faibaglasi, pembe ndefu na mikunjo ya ngozi vyote vikiwa kazi ya mikono ya watu. Nikamwuliza kama wake wa mafundi hao nao walilala na ugali mkavu. Hakunijibu.

Jasi aliipata kwa fundi wa dari. Akamlaza mgebuka kwenye mchanga, ubavu mmoja nje, akampaka mafuta ya mtoto ili jasi isimgande, kisha akaikoroga kwenye sufuria yangu ya ugali, eti ndoo ilikuwa na maji ya kunywa. Jasi haina simile. Inapata joto, inakaza, na kabla hujageuka imekuwa jiwe. Kalibu ilitoka safi, magamba yakihesabika. Jasi iliyobaki kwenye sufuria haikutoka, ikapigwa nyundo mpaka sufuria yenyewe ikapasuka. Mgebuka wa kweli, kwa mafuta na mchanga aliokula, akaishia shimoni.

Yule wa jasi, aliyemiminwa kwenye kalibu hiyo, alipakwa mgongo wa kijivu na tumbo la fedha, akawekwa kwenye sahani akauke. Paka alimnusa, akaenda zake. Kesho yake mama mkwe akafika kutoka Kasulu kutujulia hali na, kama ilivyo desturi yake, akaingia jikoni moja kwa moja. Akachemsha mawese, akatia kitunguu na nyanya, akamtumbukiza.

"Mwanangu," akaniita, "samaki wenu huyu wa lini? Moto wote huu haivi!"

Baba watoto akaja mbio. Rangi ya fedha ilikuwa inaelea juu ya mawese. Nilidhani atalia, kumbe meno yote nje.

"Mama, kweli ulimwona samaki?"

"Nilimwona nini, baiskeli?"

Hakuna mtihani aliowahi kufaulu ukampa furaha ile. Kalibu ni nzima, na mgebuka wa pili anakauka juu ya kabati, mbali na mama mkwe. Msomaji utakayepanda huku kutoka Kigoma, tuletee migebuka wa kuliwa. Na sufuria.