Kila Mtu Fundi, Jenereta Kimya

Hapa Busia huna haja ya kumpigia fundi simu. Toa jenereta nje, vuta kamba, ikatae kuwaka, uvute tena. Kabla hujafuta jasho utakuwa umezungukwa na wataalamu. Sijui huwa wanakaa wapi siku ambazo mashine zinawaka.

Stima ilipotea juzi asubuhi, na ndani ya friza ya mama watoto kulikuwa na samaki wa Sio Port waliokuwa wakimsubiri mteja kutoka Bungoma. Nikatoa jenereta, nikaiweka mbele ya duka, kando ya barabara iendayo mpakani. Nikavuta kamba. Ikakohoa, ikanyamaza. Baada ya hapo hata kukohoa ilikataa.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani mwenye duka la spea. Hakuinama, hakugusa kitu. "Plagi hiyo, mzee. Imekufa. Mimi ninazo, za Japani kabisa." Kijana wa bodaboda akasema si plagi, ni kabureta, na binamu yake husafisha kabureta. Mbadilishaji pesa, mabunda ya shilingi za Uganda mkononi, akaamua kwamba injini imezeeka, afadhali niiuze ng'ambo, na yeye angenibadilishia malipo kwa bei ya kirafiki. Halafu kuna yule auzaye petroli kwa chupa na mitungi. Huyo alikula kiapo mbele ya watu kwamba kwa vyovyote vile shida haiwezi kuwa mafuta.

Mtaona wenyewe jinsi mambo yalivyopangwa. Kila mmoja alikuwa ameuona ugonjwa palepale penye mfuko wake.

Waliokuwa hawauzi chochote ndio walinichosha zaidi. Mmoja alinishauri nichanganye oili ndani ya petroli. Ushauri huo ni wa zile jenereta ndogo za mipigo miwili, aina ya Tiger mnazoziona kwa vinyozi, ambazo hazina oili yake pembeni na huinywa ndani ya petroli, sehemu moja ya oili kwa hamsini za petroli. Yangu ni ya mipigo minne, oili yake iko chini tumboni. Nilimweleza. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyeharibika. Mwingine alitaka plagi ing'olewe ichomwe kwa kiberiti, hapohapo, tanki likiwa wazi. Nilimwomba asimame mbali kidogo, ikiwezekana asimamie Tororo.

Ujasiri huu una historia. Ni huku mpakani, tangu miaka ya 1960, vijana walikoanza kuwavusha watu kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nyingine, na biashara hiyo ikaja kuenea Afrika Mashariki nzima. Mji uliozaa bodaboda hauwezi kuamini kwamba kuna kitu chenye bolti kisichouhusu.

Mama watoto akatoka, akanitazama mimi, akaitazama jenereta. "Baba Achieng, samaki wanalia." Akarudi ndani.

Sasa tuzungumze juu ya shemeji. Wiki iliyotangulia alikuwa ameiazima jenereta aende nayo matangani, kule Adungosi, ikawashe taa na muziki usiku kucha. Aliirudisha ikiwa imepanguswa vizuri, na petroli ndani ya tanki juu yake. Nani humlalamikia mtu anayerudisha kitu kikiwa na petroli? Nilimpigia simu mbele ya wataalamu wote. "Aa, shemeji, ile ilinguruma mpaka alfajiri! Mafuta nilitoa kwa kijana mmoja wa mtungi, bei poa sana."

Bei poa. Msomaji wa Nairobi huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Petroli hushushwa Mombasa, husukumwa kwa bomba hadi Eldoret na Kisumu, kisha hupakiwa kwenye malori ya tanki ambayo hupita hapa kwetu na Malaba, yakiingia Uganda. Tunayapungia mkono. Kwetu bei hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi. Ng'ambo kila kituo hujipangia. Pengo likiwa kubwa, petroli ileile tuliyoipungia mkono hurudi nyumbani nyuma ya baiskeli, ndani ya mtungi uliowahi kuwa na mafuta ya kupikia. Pengo likigeuka, mitungi nayo hugeuka. Mnakumbuka Januari 2022, foleni za malori Malaba na Busia kwa ajili ya vipimo vya Korona, petroli ikapanda Uganda hadi watu wakashika vichwa? Baiskeli wakati huo zilikuwa zikielekea magharibi.

Na humo njiani mtungi hukutana na mengi. Serikali ilijua habari za kuchanganya mafuta. Ndiyo maana Septemba 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili pasiwe na faida ya kuyatia ndani ya mafuta ya magari. Mwanya ukibaki kidogo, mtu wa mtungi anaujua.

Fundi alifika kutoka Malaba baada ya saa sita. Mtu mkimya, na sijui kama alimsalimia mtu yeyote zaidi yangu. Alitazama koki ya mafuta, ikawa wazi. Choki, sawa. Akaisukuma jenereta mahali palipo tambarare, akapima oili, kwa sababu mashine hizi zina kifaa kinachokata cheche oili ikipungua. Oili ilitosha. Akang'oa plagi, akaipangusa, akaichomeka kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na tanki, akavuta kamba. Cheche ya buluu, kali. Mwenye duka la spea akakumbuka kwamba ana mteja.

Kisha akainusa ile plagi. Akafungua skrubu iliyo chini ya kabureta, akayakinga mafuta kwenye chupa ya soda iliyo wazi, akaiweka juani. Baada ya muda mfupi maji yalikuwa yametulia chini, na mafuta juu yake. Akadondosha tone la yale mafuta kwenye karatasi. Petroli safi hukauka ikaondoka. Hili liliacha doa la mafuta lililokaa hapo hadi jioni.

Kwa hiyo shemeji hakudanganya. Injini iliyokwishapata moto huweza kuendelea kunguruma kwa mchanganyiko, huku ikitoa moshi na kulalamika. Lakini mvuke wa mafuta ya taa hauwaki kirahisi hadi yafike joto la nyuzi 38 hivi au zaidi, ilhali petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi ya barafu. Ikishapoa, na maji yamelala chini ya kabureta, unaweza kuvuta kamba hadi bega likutoke.

Fundi alimwaga tanki lote, akapuliza jeti ya kabureta, akatia petroli ya kituo. Ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Wataalamu wakapiga makofi, na wawili wakauliza soda yao iko wapi, kwa kuwa walikuwa wamesaidia. Muuza mitungi alikuwa ametoweka, na mtungi wake. Samaki waliuzwa kwa bei ya kutupa. Mteja wa Bungoma hakuwataka tena.

Basi mashemeji wote wa kaunti hii, jenereta iko, azimeni mnapofiwa. Ila irudisheni tanki likiwa tupu. Petroli nitanunua mwenyewe, kituoni, na risiti nitaomba.